Hatua Arobaini Kutoka Shimoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mlioko mbele, asifiwe na kwaya, na asifiwe hata na ninyi mliokaa benchi la mwisho karibu na mlango ili mtoke kabla ya matangazo. Nawajua. Benchi hilo nimelikalia miaka kumi na minne, bado lina umbo langu.

Naitwa Mabula. Kwa mgeni asiyejua Kisukuma, Mabula ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua inanyesha. Kwa hiyo mimi na mvua tunafahamiana tangu siku ya kwanza, ingawa nitawaonyesha kwamba yeye ananifahamu zaidi. Ushuhuda huu nimeuandika kwenye karatasi, kwa sababu nikisimama mikono mitupu magoti yanaanza kuimba kabla ya kwaya. Nilifika kidato cha nne. Kalamu inanitii kuliko ulimi. Mnivumilie.

Ndugu zangu, kuna watu hapa wana ushuhuda mkubwa. Mmoja aliacha pombe, mwingine aliacha hirizi. Mimi Bwana alinitoa kwenye kiti. Msicheke! Kilikuwa kiti cha kukunja, nimekiweka barazani kinatazama ua wa minyaa, na nikishakaa pale hakuna kitu duniani kilichonihusu. Nilipenda nyumba yangu kuliko kinyonga anavyopenda tawi lake. Harusi, nilisikia muziki kwa mbali, ikanitosha. Mnada wa ng'ombe, niliona vumbi lake, nikaridhika.

Na utaratibu wetu hapa Sapiwi mnaujua. Mtu akijenga, kila kaya ya kitongoji inatoa mtu mmoja. Wengine wanabeba mawe, wengine wanasomba maji na mchanga, mwenye nyumba anapika. Asiyetokea kwa wenzake, siku yake ikifika atajenga na kuku wake. Mimi kila nilipoitwa nilikuwa na sababu. Mgongo. Jino. Ng'ombe amepotea, na wakati huo sikuwa na ng'ombe hata wa kuchora. Nilikuwa namwambia mke wangu, Limi, "Waambie siwezi," kisha narudi kwenye kiti. Limi hakubishana. Alichukua ndoo yake akaenda zake, na mimi sikuuliza ndoo inakwenda wapi. Likumbukeni hilo.

Sasa nyumba yangu ya kwanza. Udongo mzuri wa tofali upo kule kwenye vichuguu, mwendo wa dakika ishirini. Dakika ishirini! Mimi? Nilichimba hapohapo, hatua mbili tu kutoka pale utakaposimama ukuta wa chumba cha mama yangu, ili chai ikiiva nisikie nikiitwa. Na udongo wa pale ni wa mbuga, ule mweusi. Mnaujua: kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unaingia, masika unavimba kama unga wa maandazi. Nikafyatua tofali za udongo huo. Shimo likabaki, kubwa, mdomo wazi, nikasema nitalifukia. Niliendelea kusema hivyo miaka tisa.

Tofali zikahitaji kuchomwa. Upande upepo unakotokea kulikuwa na miti mikubwa minne aliyoiacha marehemu baba. Nikaikata yote. Ndugu zangu, sikieni akili ya mtu wa kidato cha nne: nilikata miti iliyokuwa ikiilinda nyumba, ili nichome tofali za nyumba hiyohiyo!

Halafu paa. Bati nikapigilia kwenye papi, papi kwenye kenchi, na kenchi, zile mbao zinazobeba paa, nikaikalisha juu ya ukuta kama kofia. Kuifunga? Kwa nini niifunge? Kofia ina uzito wake.

Mwaka juzi, mvua za kwanza, saa kumi jioni, kofia ikavuliwa.

Ule upepo hata ninyi mliuona. Ulikuja kutoka upande wa miti minne isiyokuwepo, ukiwa na vumbi jekundu, kisha mawe ya barafu, kisha maji. Mimi nilikuwa kwenye kiti, hilo halina mjadala. Nikasikia juu yangu mlio kama mtu anachana shuka. Nikatazama, nikaona mbingu. Kenchi nzima iliondoka na bati zake kama familia inayohama. Bati moja tulikuja kulikuta shambani kwa Mama Doto limejikunja kama chapati. Na lile shimo likajaa kwa dakika chache, maji yakaanza kulamba ukuta wa chumba cha mama.

Mama yangu, ambaye sote pale nyumbani tunamwita Mayu kama wanavyoitwa kina mama huku kwetu, alikuwa ndani ya chumba hicho, juu ya kitanda, akimenya karanga. Ndugu zangu, ukuta ule ulikuwa umeinamia ndani miezi mingi. Niliuona kila siku. Siku ile ulitakiwa umwangukie Mayu. Lakini maji ya shimo yalikuwa yameula chini kwa nje, ukainuka kidogo, ukayumba, ukaangukia shimoni! Ukuta wote! Nilipofika mbio, nilimkuta Mayu ameketi palepale kitandani, sahani ya karanga mapajani, mvua inamnyeshea kichwani, anatazama uwanja wote. Akaniambia kwa utulivu, "Mabula, mlango umefunguka."

Asifiwe Bwana! Shimo la uvivu wangu lilimwokoa mama yangu kutoka kwa ukuta wa uvivu wangu. Sijui mchungaji atalihubiri vipi hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tukahamia jikoni, mimi, Limi, watoto wawili, Mayu na kuku. Siku ya tatu akaja kaka yangu Masanja kutoka Bariadi mjini. Masanja ni mtu wa ofisi, anatembea kama ana mkutano hata akienda chooni. Akazunguka magofu, mikono nyuma.

"Mabula, huu ni uzembe."

"Ni upepo, kaka."

"Kwa jirani zako haukupita?"

Ulipita kwa jirani, na nyumba zao zilikuwa zimesimama zinanitazama.

Akasema, "Nakupa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha sijaona ukuta umefika madirishani, nampakia Mayu, anakuja kukaa kwangu. Mtu wa umri ule hawezi kulala na kuku."

Sasa ndugu zangu, msimwone Masanja mbaya. Alisema kweli. Lakini Mayu alishawahi kukaa mjini kwake wiki tano. Walimpa kitanda kizuri na televisheni. Akarudi amekonda, haongei. Huku nyumbani akiamka anakwenda kwenye kaburi la baba, nyuma ya nyumba, anamsalimia, "Mwangaluka," kisha anamweleza habari za jana. Kule mjini hakuwa na wa kumsalimia asubuhi. Wote wameshakwenda kazini na shuleni, amebaki yeye na ukuta. Niliyaona hayo machoni mwa Mayu wakati Masanja akisema. Hakulia. Alikusanya tu maganda ya karanga yaliyokuwa chini, moja moja, kana kwamba anaaga. Nikajua tukimhamisha safari hii, atakayerudi hapa ni wa kuzikwa.

Nikaapa nitajenga. Peke yangu! Kiburi cha mtu mvivu ni kitu cha ajabu: hawezi kwenda kwa watu, lakini anaweza kuapa. Nikaokota tofali zilezile, kwenye msingi uleule, kando ya shimo lilelile. Siku kumi. Mikono ikachubuka, ukuta ukafika kiunoni, nikaanza hata kuutazama kwa fahari nikiwa kwenye kiti. Ikanyesha mvua moja tu, wala haikuwa kubwa. Asubuhi tuliukuta umelala shimoni karibu na mwenzake.

Limi akaniletea uji, akasema, "Nenda kwa Mama Doto, umwombe aite watu."

"Nitaendaje, Limi? Kwa nani niliwahi kwenda mimi? Atanicheka mpaka Mwandoya wasikie."

"Nenda."

Sikwenda. Nilikaa ukingoni mwa shimo nikaomba. Na maombi yangu, nawaambia ukweli wote, yalikuwa hivi: Bwana, watume watu waje bila mimi kwenda kuwaomba. Mnasikia? Hata maombi yangu yalikuwa yamekaa kwenye kiti! Nikaomba hivyo mara tatu. Na mara ya tatu likanijia moyoni neno moja tu, zito, kama mtu amenisukuma begani: Inuka.

Nikainuka. Haleluya! Muujiza wa kwanza wa ushuhuda huu ni huo, na wanaonijua wanajua ulivyo mkubwa.

Mama Doto ndiye mwenyekiti wa kazi za kitongoji chetu, mama mwenye mdomo usiochoka na mkono usiochoka. Nilimkuta anapepeta mtama.

"Mwadila, Mama Doto."

"Eh! Mabula! Nani kakubeba mpaka hapa?"

Sikucheka. Nikasema, "Mama Doto, najua sijawahi kutokea kazini kwa mtu. Sina haki ya kuomba. Nimekuja kuomba hivyohivyo. Mayu atachukuliwa."

Akaacha kupepeta. "Hujawahi kutokea wapi?"

"Kazini. Watu wakijenga."

"We baba, bati lilikupiga kichwani? Kwa Jilala ulileta maji, ndoo kumi na mbili. Kwa yule mjane wa bondeni ulileta mawe ya msingi siku nzima. Choo cha shule, mchanga siku mbili."

"Mimi?"

"Sasa nani? Limi alikuwa akifika anasema, 'Nimetumwa na Mabula.' Tukiita majina ya kaya, nikisema Mabula, Limi anaitika. Sisi tukasema, huyu mwanamume ni mvivu wa kutembea, lakini moyo wake hauna shida, kila kazi anamtuma mkewe. Tumekuwa tukishangaa mbona huji kutuita! Tukadhani unaringa, unamsubiri Masanja akuletee mafundi wa mjini."

Ndugu zangu, nilikaa chini. Palepale kwenye vumbi, bila kiti. Miaka yote ile nilipokuwa nasema "Waambie siwezi," mwanamke yule alikuwa anabeba maji kichwani kwa jina langu! Ndoo niliyoiona ikitoka, nikaona ikirudi, nisiulize. Nililia mbele ya Mama Doto mpaka akanipa kikombe cha maji, na kikombe kile nacho kikanifanya nilie zaidi, kwa sababu ya maji.

Nikarudi nyumbani. "Limi, kwa nini hukuniambia?"

Akachochea moto kwanza. "Ningekuambia, ungenituma mimi nikaombe."

Ningebisha nini tena baada ya hapo? Miaka kumi na minne nilisikia mahubiri kwamba kuna aliyebeba mzigo kwa jina langu, nikahesabiwa haki kwa kazi nisiyoifanya. Nilisema amina, nikatoka kabla ya matangazo. Siku ile, mbele ya mafiga ya mke wangu, nikaelewa. Mtu anaweza kuitikiwa jina lake mahali ambapo hakufika! Na akishajua, hawezi tena kukaa.

Watu wakaja. Na Mama Doto akamleta Fundi Shija kutoka Kasoli, mama mfupi, sauti ya mnada, mwenye mashine ya mkono ya kugandamiza tofali. Akatazama magofu yangu, akatazama shimo, akacheka mpaka akashika goti.

"Baba Holo, wewe hukujenga nyumba. Ulijenga kisima, ukakizungushia kuta."

Holo ni binti yangu mkubwa, naye alicheka.

Fundi Shija akatia udongo wangu mweusi kwenye chupa ya maji, akatikisa, tukasubiri utulie. "Umeona? Tope tupu, mchanga hakuna. Huu acha uoteshe mpunga." Akatupeleka kwenye vichuguu, dakika zile ishirini nilizozikwepa, nami nikazitembea siku hiyo mara tisa nikisukuma mkokoteni. Udongo mwekundu wa kichuguu, mchanga, saruji kidogo tu, mashine inagandamiza, tofali inatoka imenyooka kama daftari jipya. Hazichomwi. Zinafunikwa nyasi, zinamwagiwa maji asubuhi na jioni, zinakomaa zenyewe kivulini. Hakuna mti hata mmoja ulioingia motoni! Na zinaingiana, moja ina kichwa, nyingine ina shimo, kama watoto wanaoshikana mikono.

Lakini akaweka sharti. "Hapa sijengi. Nyumba inapanda kule kwenye mwinuko wenye mawe, hatua arobaini."

Ndugu zangu, watu wanahama Sapiwi wanakwenda Dar es Salaam, wengine wanavuka mipaka. Mimi hatua arobaini zilinitia homa! Nikaanza kujitetea. Kaburi la baba liko hapa. Baba alipachagua hapa. Mayu atakuwa mbali naye. Niliongea vizuri sana, kidato cha nne kilionekana.

Mayu alikuwa kwenye kigoda anasikiliza. Akasema, "Mabula, baba yako hatukumzika na kuta. Yupo palepale. Hizo hatua arobaini nitazitembea mimi kila asubuhi. Wewe unaogopa miguu ya nani?"

Mjadala ukaisha.

Tukajenga. Msingi wa mawe, umeinuliwa mpaka magotini. Juu ya kuta, lenta ya zege imezunguka nyumba nzima kama mkanda, na ndani yake nyaya zimeachwa zikichungulia. Kenchi ilipopanda, kila mguu ukafungwa na waya wake. Fundi Shija akaniita nifunge wa mwisho mwenyewe. "Funga kama unafunga ng'ombe wa mahari," akasema. Nikafunga mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini hapo nimetangulia, maana Masanja alikuja kabla ya kenchi.

Alikuja siku mwezi ulipoisha, na pikapu, na godoro nyuma tayari kwa ajili ya Mayu. Akakuta watu kama harusi. Kuta zimefika madirishani na zinaendelea. Akasimama. Mama Doto, akiwa na ndoo kichwani, akamwambia, "Shemeji, karibu. Hivyo viatu vinabeba tofali ngapi?"

Masanja akaenda kwa Mayu, aliyekuwa kwenye kigoda chake huko mwinukoni, anawaelekeza watu kwa fimbo mahali pa dirisha lake. "Mayu, nimekuja kukuchukua."

Mayu akamtazama juu mpaka chini. "Nimeshahama, mwanangu. Nimehama hatua arobaini. Kwa umri wangu zinatosha."

Kaka yangu akatia funguo za pikapu mfukoni. Kisha akavua viatu, akakunja suruali. Pikapu iliyokuja kumbeba mama ikabeba mawe mpaka jioni, na lile godoro likabaki kwetu. Mayu analilalia hadi leo. Utukufu kwa Mungu!

Masika iliyopita upepo ulirudi. Alasiri, vumbi jekundu, upande uleule. Miarobaini tuliyopanda bado ni michanga, inafika kifuani tu, lakini ilijitahidi. Nilisimama katikati ya nyumba nikisikiliza juu. Bati zililia, zikalia, ndugu zangu, kila msumari nikausikia. Hazikuondoka! Maji yakashuka kwenye gata, yakafuata mfereji, yakaingia kwenye shimo langu la zamani, ambalo sasa tumelizungushia ua, na maji yake tunanyweshea miche. Nikaenda kuchungulia chumbani kwa Mayu. Ameketi kitandani, sahani ya karanga mapajani, amekauka kabisa. Hakuinua hata macho.

"Mabula, leo mlango haujafunguka."

Namshukuru Mungu aliyeugeuza ukuta. Namshukuru kwa Mama Doto, kwa Fundi Shija, kwa Masanja na suruali yake ambayo hadi leo imesahau rangi. Namshukuru kwa Limi, ambaye sasa hivi ameinamisha kichwa pale upande wa kina mama kwa sababu nilimwahidi sitamtaja.

Na wewe uliyekaa benchi la nyuma, umeezuliwa paa, unaona haya kuomba kwa sababu hujawahi kwenda kwa mtu: usiogope. Kuna aliyeshaitika jina lako. Inuka tu uende. Mwamini Bwana, na kenchi uifunge.

Jumamosi hii tunaanza msingi wa Jilala mdogo, yule aliyeangukiwa na kibanda cha jiko. Saa moja asubuhi, njooni na ndoo. Mimi nitakuwepo. Limi atabaki nyumbani. Nimeshamfungulia kile kiti, kipo barazani kinatazama ua. Na Mama Doto atakapoita majina ya kaya, nimeomba safari hii aliite lake, nami nitaitika: nimetumwa na Limi.